Skizofrenia si pepo: Wataalamu wachunguza 'nyaya' za ubongo

KIJANA wa miaka 20, mchangamfu na hodari masomoni, anaanza kujitenga na wenzake. Halali usiku, haogi, na mara kwa mara anawajibu watu wasioonekana. Majirani wanasema amerogwa. Jamaa wanafunga safari kwenda kwa mganga, na miezi inapita kabla ya yeyote kumtaja daktari.

Huenda kijana kama huyo anaugua skizofrenia. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 ulimwenguni walikuwa na maradhi haya, yaani mtu mmoja kati ya kila 300. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwamba anaandamwa, na mazungumzo yake hukosa mpangilio. Wengine hupoteza hamu ya kila kitu.

Jina skizofrenia lilitolewa mwaka wa 1908 na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Kinyume na wanavyodhani wengi, hakumaanisha mtu mwenye nafsi mbili. Alimaanisha kwamba fikira na hisia za mgonjwa zimekosa kuungana. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wataalamu wanauchunguza muungano huo ndani ya ubongo wenyewe.

Ubongo una mabilioni ya seli zinazopashana habari kwa umeme kupitia nyuzi nyembamba. Nyingi za nyuzi hizo zimevikwa tabaka la mafuta liitwalo mielini, mfano wa waya wa stima uliofunikwa kwa plastiki. Uzi usio na mielini hupitisha ujumbe kwa mwendo wa mita moja au mbili hivi kwa sekunde. Wenye mielini nene waweza kufikisha mita 100 na zaidi.

Kasi hiyo ina maana kubwa. Mtu anapozungumza, hata kimoyomoyo, sehemu ya ubongo inayotunga maneno huiarifu ile inayosikia kwamba maneno hayo ni yake mwenyewe. Baadhi ya wanasayansi wanaamini kwamba taarifa hiyo ikichelewa hata kwa muda mfupi sana, mtu huyasikia mawazo yake kana kwamba yametoka kwa mgeni. Yumkini hapo ndipo sauti zinapoanzia.

Mwaka wa 2001, watafiti nchini Marekani walipochunguza ubongo wa wagonjwa waliofariki, waligundua kwamba jeni zinazohusika na kutengeneza mielini zilikuwa zimepunguza kazi. Mwaka wa 2018, utafiti wa kimataifa ulilinganisha picha za ubongo za wagonjwa 1,963 na za watu 2,359 wasio na maradhi hayo. Ilibainika kwamba nyuzi za wagonjwa zilikuwa na kasoro ndogo ndogo karibu kila pembe ya ubongo.

Umri nao unatoa fununu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupanga na kupima mambo, ni miongoni mwa zinazochelewa kukamilisha mielini, na kazi hiyo huendelea hadi miaka ya 20 na kitu. Huo ndio umri ambao skizofrenia hujitokeza zaidi.

Hata hivyo, ifahamike kwamba haijathibitishwa kuwa mielini ndiyo chanzo. Urithi katika ukoo unachangia, na uvutaji bangi kwa wingi ujanani huongeza hatari. Wala hakuna picha ya ubongo inayoweza kuthibitisha maradhi haya. Daktari hutegemea dalili na historia ya mgonjwa.

Je, yana tiba? Tangu mwaka wa 1952, dawa ya klopromazini ilipoanza kutumiwa jijini Paris, zimepatikana dawa nyingi za kutuliza dalili. Nyingi hupunguza nguvu za dopamini, kemikali ya ubongo, wala hazitengenezi mielini. Lakini wagonjwa wengi wanaozitumia na kusaidiwa na jamaa zao hurejea kazini au masomoni. Dawa zisikatizwe bila ushauri wa daktari, hata mgonjwa anapojihisi amepona.

Kwa hivyo mzazi, ukiona mwanao amebadilika ghafla, usimfunge kamba wala kumficha chumbani. Mpeleke hospitali mapema. Mjini Nairobi, Hospitali ya Mathari imewahudumia wagonjwa wa akili tangu 1910, na kwingineko waweza kuanzia hospitali ya kaunti. Kadiri matibabu yanavyocheleweshwa, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.