Nani Apange Mwendo wa Barabara? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi kibao cha 50 kinavyosimama kando ya barabara kwa nguvu ya sheria. Leo tuangalie hesabu inayofanywa kabla ya kibao kusimikwa. Nachukua mfano wa California, Marekani, kwa sababu kule hesabu hiyo imo ndani ya sheria yenyewe, na madhara yake yameonekana.

Mtaalamu hukaa pembeni ya barabara na rada, kifaa cha aina ile ile ambayo madereva wetu huiita tochi. Huchagua saa isiyo na foleni, hali ya hewa ikiwa nzuri, akapima magari yapatayo 100 yasiyozuiwa na lililo mbele. Namba hizo hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha huangaliwa gari la 85. Likiwa lilikwenda maili 43 kwa saa, kikomo hukadiriwa kuwa 45, yaani kama kilomita 72. Imani iliyopo ni kwamba madereva wengi wana busara, kwa hiyo mwendo waliojichagulia ndio salama.

Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa David Solomon, uliochapishwa mwaka 1964. Alionyesha kwamba anayejikokota kuliko wenzake naye hupata ajali nyingi, kama anayekimbia kupita kiasi. Lakini Solomon alichunguza barabara kuu za mashambani. Kuihamishia hesabu hiyo mtaani ni kosa kubwa, nalisema bila kumung'unya maneno. Rada humpima dereva peke yake. Mama mwenye mtoto mgongoni, anayengoja mwanya wa kuvuka, hahesabiwi.

Isitoshe, barabara ikipanuliwa watu hukanyaga mafuta, upimaji unaofuata hutoa namba kubwa zaidi, na kibao hupandishwa tena. Los Angeles ilijikuta ikipandisha vikomo kwenye mitaa yake, maana sheria ya jimbo ilizuia polisi kukamata kwa rada pale ambapo upimaji umepitwa na muda au kibao hakiendani nao. Jiji likawa na njia mbili: kibao cha chini ambacho askari hawezi kukisimamia, au cha juu anachoweza. Mwaka 2021 ndipo jimbo lilipopitisha sheria ya AB 43, iliyoruhusu miji kushusha kikomo penye maduka, penye waenda kwa miguu wengi na kwenye njia zenye historia mbaya ya ajali.

Kushusha huko kuna maana mtaani: gari la kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 kwa sekunde moja, muda wa dereva kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Gari la kilomita 30, lami ikiwa kavu na breki nzima, huwa limekwishasimama ndani ya umbali huo huo. Mtoto akichomoka mita 14 mbele, dereva wa kwanza atamgonga kwa mwendo wote aliokuwa nao. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Februari 2020, ulitaka kilomita 30 kila magari na watembea kwa miguu wanapochanganyika.

Ili kujua pa kushusha kikomo tunahitaji takwimu za ajali, na kwetu Tanzania ndizo zinazoniumiza kichwa. Mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria zaidi ya 16,000. Majeruhi huenda hospitali na fomu yake ya polisi, PF3. Akifia wodini wiki ya pili, habari hiyo yaweza isirudi kwenye jalada la trafiki, na mtaa aliogongwa ukaonekana salama. Mhandisi anahitaji daftari la polisi pamoja na la hospitali, na pahali penyewe pa ajali patajwe: kituo gani, shule gani. Kuandika "Barabara ya Morogoro" tu hakusaidii, kwani inaanzia katikati ya jiji la Dar es Salaam hadi nje ya mkoa.

Jiji hilo lina mfano mzuri wa kuanzia pale ajali zinapotokea. Shirika la Amend lilianzia kwenye shule za msingi ambako watoto walikuwa wanagongwa zaidi, likaweka matuta, vivuko na njia za miguu. Utafiti uliofuata ulionyesha majeruhi wamepungua kwa takriban asilimia 26.

Wiki ijayo: tuta linagharimu nini, na nani alilipie.