Katika Hema la Bia Huko Cannstatt

Wazee wetu waliwaita Wadachi, na vijana wa siku hizi huwaita Wajerumani. Lakini kwa jina lo lote, sifa yao moja yajulikana kila mahali, nayo ni kwamba wanapenda bia. Mimi si mnywaji, na sababu yake nitaieleza mbele. Basi mwaka 2018, nilipokwenda Ujerumani pamoja na wakulima wenzangu watatu kutazama mambo ya ng'ombe wa maziwa, nilidhani kwamba hema la bia ni jambo moja ambalo ningeweza kuliacha bila hasara. Nilikosea.

Mji tuliofikia ni Stuttgart, makao makuu ya jimbo la Baden-Württemberg, kusini-magharibi ya nchi ile. Kando ya mto Neckar, katika sehemu iitwayo Cannstatt, pana uwanja mpana ambapo kila mwaka, tangu mwisho wa Septemba hata katikati ya Oktoba, watu hufanya sikukuu yao kubwa. Kila baada ya miaka minne hufanywa pia maonyesho ya ukulima ubavuni mwa sikukuu hiyo, na hayo ndiyo yaliyotuleta. Asubuhi tulitazama ng'ombe, na mashine, na mbegu. Alasiri mwenyeji wetu, mzee aliyepita miaka sabini na ambaye amefuga ng'ombe tangu utoto, akatuambia kwa kinywa cha mkalimani, "Kazi mmeiona. Sasa njoni mwone furaha."

Kabla hatujafika hemani tulipita chini ya nguzo moja ndefu sana, ambayo kimo chake ni meta 26, nayo imepambwa kwa mazao ya shamba: masuke ya nafaka, maboga, matofaa na mboga. Nikauliza, "Mzee, nguzo hii ni ya nini?" Akasimama, akavua kofia, akasema, "Hii ni kwa ajili ya njaa."

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Aprili mwaka 1815 mlima wa moto uitwao Tambora, katika visiwa ambavyo sasa ni nchi ya Indonesia, ulipasuka kwa nguvu kubwa mno. Vumbi na moshi wake vilipanda juu sana, vikazuia joto la jua hata katika nchi za mbali. Mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi. Huko Württemberg mvua na mawe ya barafu viliangusha mazao, na nafaka haikuiva. Watu waliopata unga kidogo waliuchanganya na unga wa mbao ili mkate uonekane mkubwa. Maelfu waliihama nchi, wengine wakaenda Urusi na wengine Marekani. Wala hawakujua kisa cha mlima ule.

Mwaka huohuo wa 1816 Wilhelm wa Kwanza alitawazwa kuwa mfalme wa nchi hiyo. Yeye na mkewe Katharina, binti wa kifalme kutoka Urusi, waliona kwamba kugawa chakula peke yake hakutoshi. Mwaka 1818 ilianzishwa shule ya ukulima huko Hohenheim, ambayo leo ni chuo kikuu. Ikaanzishwa benki ya akiba kwa watu wadogo. Na mwezi wa Septemba ikafanywa sikukuu ya kwanza hapo Cannstatt. Wenye mifugo bora walipewa zawadi, farasi wakashindana mbio, na nguzo ya mazao ikasimamishwa katikati. Mahema ya bia yalikuja kukua baadaye kuliko hayo yote, ingawa leo wageni wengi huyaona hayo tu, wakipita chini ya nguzo pasipo kuinua macho.

Sasa tuingie. Neno hema lenyewe halitoshi. Sakafu ni ya mbao, ziko roshani pande zote, na jiko ni kama la hoteli kubwa. Meza ni ndefu na nyembamba, wala hazina viti bali mabenchi, hata mtu akitaka kutoka katikati, jirani zake wote sharti wainuke. Watu elfu kadhaa walikuwa wameketi humo bega kwa bega: karani na bosi wake, bibi kizee na wajukuu zake, vijana waliovaa suruali fupi za ngozi. (Mzee wetu alinung'unika kwamba suruali hizo ni desturi ya watu wa Bavaria, na kwamba ujanani mwake hakuna aliyezivaa Cannstatt ila mgeni.) Katikati palikuwa na jukwaa la wapiga tarumbeta, na mlio wao ulikuwa mkubwa hata ukataka kusema na jirani yako ni lazima uweke mdomo sikioni pake.

Bia huletwa katika bilauri nene zenye mkono, kila moja ya lita nzima. Bilauri moja ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Nilimwona mama mmoja mtumishi akibeba kumi kwa mara moja, tano kila mkono, akipita katikati ya watu wanaocheza bila kumwaga tone. Fikirini ndugu zangu, zaidi ya kilo ishirini, tangu asubuhi hata usiku!

Jambo lililonishika zaidi lilikuwa alama ndogo. Juu ya kila bilauri pamechorwa mstari, na bia sharti ifike hapo. Povu si bia. Mzee aliinua yake, akaitazama kwenye mwanga kama karani anayepima maziwa. Aliniambia kwamba huko Munich kuna chama kizima cha raia ambao shughuli yao ni kulalamikia wauzaji wanaopunja kipimo. Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Akanieleza pia habari za sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoamuru kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, maua machungu ya hopsi, na maji tu.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila mtu mle alikuwa na adabu. Bia ya sikukuu ni kali kidogo kuliko ile ya kila siku, na ilipofika jioni niliona vijana wakipanda juu ya mabenchi, na mmoja alichukuliwa na watu wa Msalaba Mwekundu akiwa hajui aendako. Mzee alimtazama, akatikisa kichwa.

Mimi nilikunywa maji ya matofaa yaliyotiwa soda, katika bilauri ileile ya lita, na hakuna aliyenidharau. Mara bendi ikapiga wimbo mfupi, na watu wote wakainuka kugonganisha bilauri. Nikagonga yangu na ya mzee huku nikiitazama meza nisije nikamwaga. Akanishika mkono. "La," akasema, "hapa mtu hugonga akimtazama mwenziwe machoni. Usipotazama, hukunywa pamoja naye." Basi nikamtazama, na machozi yakanitoka, akadhani ni moshi wa kuku wa kuchoma.

Kaka yangu alikuwa fundi wa rangi Nairobi. Novemba mwaka 2000 alikunywa ile pombe iliyoitwa kumi kumi, iliyouzwa kwa siri katika mitaa ya mabanda, ambayo ilikuwa imetiwa methanoli, yaani spiriti ya viwandani. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wakapofuka. Kaka yangu hakufa. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 1980, na kwa kuwa iliuzwa gizani, nani angeuliza kilichomo? Sheria ya mwaka 2010 iliiruhusu, mradi ipimwe na kutiwa katika chupa. Lakini mwaka 2014 makumi ya watu walikufa tena kwa sumu ileile. Nilimweleza mzee habari hizo polepole, mkalimani akipiga kelele juu ya tarumbeta. Aliiweka bilauri yake mezani, wala hakuinua tena mpaka tulipoondoka.

Niliporudi nyumbani nilimletea kaka yangu bilauri moja tupu niliyoinunua dukani. Aliipapasa kwa muda mrefu, akaupata ule mstari kwa ukucha wake.

"Huu ni wa nini?" akauliza.

Nikamweleza. Akaushika tena, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza wale ng'ombe walikuwa wakitoa lita ngapi.