Kumbukumbu za Seva Zisijaze Ghala la Hesabu

Asimamaye Mpemba, pale njia ya Isongole inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma, huona malori yakielekea mpakani. Lori moja halizibi njia. Huzibwa na foleni isiyopungua. Ndivyo zilivyo kumbukumbu za matukio katika seva, yaani kompyuta kuu inayotunza hesabu za vyama.

Vyama vya msingi sasa hutumia mifumo ya kompyuta, ukiwemo MUVU ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mifumo ya namna hii huandika mstari kwa kila tendo: nani ameingia, saa ngapi, na amebadili nini. Mstari huo ni ngao ya mkulima. Kilo 60 za kahawa zikigeuzwa kuwa 50, ndio utakaoonyesha mkono uliohusika.

Lakini mistari hujaa. Seva ikiandika mstari mmoja kwa kila sekunde, kwa siku ni mistari 86,400. Mstari ukichukua baiti 200, hizo ni megabaiti 17 kwa siku, na zaidi ya gigabaiti 6 kwa mwaka. Diski ikijaa, hifadhidata hukataa kupokea hata uzito mpya wa mazao, na huenda ikawa ndiyo siku ya mnada.

Wengi hudhani dawa ni kufuta mistari ya zamani mmoja mmoja. Katika hifadhidata kama PostgreSQL, mstari uliofutwa huacha pengo ndani ya faili. Pengo hilo laweza kutumika tena baadaye, lakini faili lenyewe kwa kawaida halipungui. Ni sawa na kutoa debe moja moja katika kila gunia: magunia hubaki yamesimama palepale ghalani.

Njia iliyo bora ni hii:

Kwanza, kumbukumbu zitengwe na hesabu, kila moja na diski yake.

Pili, jedwali la kumbukumbu ligawanywe kwa miezi. Mwezi uliokwisha muda huondolewa wote kwa mara moja, na nafasi yake hurudi.

Tatu, kabla ya kuondolewa, mwezi huo unakiliwe, ubanwe na uwekwe mahali pengine. Nakala ijaribiwe kufunguliwa. Nakala isiyofunguka si nakala.

Nne, Bodi iamue muda wa kutunza kila aina. Habari za kuingia na kutoka zaweza kutosha kwa miezi michache. Mabadiliko ya uzito na malipo yafuate vitabu vya hesabu, ambavyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka vitunzwe kwa miaka mitano.

Makatibu hawalazimiki kuwa mafundi wa kompyuta. Wanalopaswa ni kumwuliza fundi kila mwezi: nafasi iliyosalia ni kiasi gani, na itatosha hadi lini? Swali hilo liulizwe kabla ya msimu wa mavuno, wala si wakati wakulima wamekwisha panga foleni mbele ya mizani.