Jasho la Mkulima na Bei ya Gunia

Wakulima wa viazi wa Molo na Mau Narok hutuuliza: tumelima, tumepalilia, tumepiga dawa, mbona bei haifuati jasho letu?

Wataalamu wa uchumi nao wamebishana juu ya jambo hili. David Ricardo wa Uingereza (1817) alisema thamani ya kitu hutokana hasa na kazi iliyokitoa. Karl Marx (1867) akaongeza kwamba mwajiri humlipa mfanyakazi sehemu tu ya thamani hiyo. Mwaka 1871 Carl Menger wa Austria akapinga: mnunuzi hatazami jasho, hutazama haja yake.

Sisi tunaona yote mawili sokoni. Wote wakivuna pamoja bei huanguka, hata kama jembe lilikuwa zito vile vile. Lakini ikikaa chini ya gharama, wengine huacha kulima, viazi hupungua, bei hupanda.

Basi ndugu mkulima, andika siku zote za kazi, za vibarua na za mama pia, pamoja na mbegu na mbolea. Ndipo utajua bei ya kukataa. Tena uza kwa kilo. Kanuni za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Gunia lililoongezwa kilemba hubeba jasho lisilolipwa.