Nguvu za Farasi 510, Viti 7: Magari ya Kasi na Familia ya Mbinga

Tangu lami ifike Mbamba Bay, kilomita 66 za kona na miteremko kutoka Mbinga zilizojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, swali la mnunuzi wa gari huku limebadilika. Zamani aliuliza kama litapita. Masika ilimjibu mara nyingi kwamba halipiti, na ndiyo maana Land Cruiser mkonga ilitawala miaka yote ile. Leo anauliza alichukue lipi. Mkulima wa kahawa aliyepata msimu mzuri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtoto wa nyumbani anayefanya kazi Dar es Salaam na kurudi Krismasi, kila mmoja anaweza kutamani gari la kifahari lenye mbio. Likiwa la mkononi, bei yake hushuka hadi mtu wa kipato cha kati akaanza kupiga hesabu.

Kabla hajamaliza hesabu, nyumba inaingia garini. Kuna mke, watoto watatu, mpwa anayesoma Mbinga, na bibi anayepelekwa kliniki Peramiho. Hao ni abiria sita kabla ya dereva. Nimeyapitia magari yanayoshika rekodi za kasi, nguvu, viti na ustahimilivu nikiwa na bibi huyo akilini, kwa sababu yeye ndiye atakayejua kama gari lilichaguliwa vizuri.

Kasi, na waliobaki nyumbani

McLaren F1 lilifikia kilomita 386 kwa saa mwaka 1998, na hadi leo linatajwa kuwa gari la kasi zaidi kuuzwa likiwa na injini isiyo na turbo. Lina viti vitatu: dereva katikati mbele, abiria wawili nyuma yake kidogo, kulia na kushoto. Mwaka 2021 moja liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 20. Hapo msafara wetu umeshapoteza watu wanne, na fedha zimeisha kabla ya kodi.

Porsche 911, lililooneshwa kwanza mwaka 1963, lina viti vinne vya karatasini. Vile viwili vya nyuma ni vya watoto wadogo, na mtu mzima akikaa hapo kichwa hugusa kioo. Ferrari walijaribu kwa dhati zaidi mwaka 2011 walipotoa FF, Ferrari la kwanza la kuuzwa lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Lina silinda 12, nguvu za farasi 660, mwendo wa kilomita 335 kwa saa na viti vinne ambavyo watu wazima hukaa kweli. Kwa abiria wanne ni gari la ajabu. Kwa sisi tulio saba, na kwa tumbo lake lililo karibu na ardhi, tulisifie likiwa mbali.

Baadaye kiwanda kimoja baada ya kingine kiliinua mwili wa gari na kubakiza mbio: Lamborghini Urus mwaka 2018 kwa kilomita 305 kwa saa, kisha Aston Martin DBX707 na Ferrari Purosangue kwa 310. Bado ni mapya mno kuwa ya bei ya mkononi. Isitoshe, kwenye makazi ya watu sheria yetu inasema kilomita 50 kwa saa, na ukitoka Mbinga kwenda Songea, kuanzia Kitai unakutana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Nguvu ya injini kwetu ina kazi moja ya maana: kulipita lori mlimani kwa sekunde chache, gari likiwa limejaa, na kurudi upande wako mapema. Kwa kazi hiyo nguvu za farasi 220 zinatosha, na kila inayozidi hapo ni starehe yako mwenyewe.

Viti saba, na vinavyokalika

Rekodi inayonivutia kuliko zote ni ya Mercedes-Benz R63 AMG. Mwaka 2007 hivi, Mercedes walichukua gari la familia lenye safu tatu za viti, refu kama basi dogo, wakalitia injini ya V8 ya cc 6,208 yenye nguvu za farasi 510. Likifika kilomita 100 kwa saa, sekunde tano ndizo zimepita. Yalitengenezwa machache sana, kwa hiyo kulipata tu ni kazi. Injini hiyo kwa matoleo ya mwanzo ina ugonjwa unaojulikana, bolti za silinda hedi kuliwa na kutu na kukatika, na fundi wa kuifungua kwa uhakika yuko mbali. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mbinga. Gari likikuzimikia Kigonsera, hesabu ya kulibeba peke yake inakupa homa.

Range Rover Sport la kuanzia 2013 linapatikana kwa mpango wa viti vitano na viwili: viwili vya nyuma vinachomoza kutoka sakafuni, na vinawafaa watoto. BMW X5 la kizazi cha pili, lililoanza mwaka 2006, nalo lilikuwa la kwanza katika ukoo wake kuweza kuagizwa na safu ya tatu. Hapa dalali husema "la watu saba" na mnunuzi anaitikia. Usiitikie. Nenda yadi na watu saba. Wakalishe wote kwa pamoja, kila mmoja afunge mkanda wake, kisha fungua buti uone kilichobaki. Katika mengi ya magari haya, safu ya tatu ikisimama, buti linabaki na nafasi ya begi moja na pengine ndoo ya usipa, wakati nyinyi mnatoka Mbamba Bay na mbasa, mchele wa shangazi na mabegi ya shule.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kiti cha mtoto. Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 12 lazima atumie kiti chake maalumu hadi afikishe kimo cha sentimita 135, kwa kuwa mkanda wa mtu mzima humpita shingoni na tumboni badala ya begani na kiunoni. Kiti kimoja cha aina hiyo hula nafasi ya mtu na nusu. Viti vitatu kwa mstari mmoja haviingii katika magari mengi ya kifahari, hata yale mapana kwa macho, kwa sababu kiti chao cha katikati nyuma kimeinuka na kuwa chembamba.

Kwa hesabu yangu, anayeshinda kundi hili hakutoka Ujerumani. Ni Subaru Exiga 2.0GT, lililotoka mwaka 2008: viti saba kwa safu tatu, kila safu imeinuliwa kidogo juu ya ile ya mbele ili wa nyuma naye aone barabara, injini ya turbo ya nguvu za farasi 225, magurudumu manne yote yakivuta. Wengi hawatalihesabu katika ufahari, nami sibishani nao sana. Lakini mtoto anayeona mbele hatapiki kwenye kona za kushuka ziwani, na kwa mzazi huo ni ufahari wa kutosha. Injini yake ni ya cc 1,994, nayo inakaa chini ya mstari wa cc 2,000 ambako ushuru wa bidhaa ni asilimia 5. Ukivuka mstari huo ni asilimia 10. Uliza tu mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani injini huharibika.

Ushahidi wa Safari Rally

Anayedhani gari la familia haliwezi kuwa la mashindano hajasikia habari za Afrika Mashariki ya miaka ya 1960. Safari Rally, iliyoanza 1953, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika matope ya Pasaka. Mwaka 1963 na tena 1968 yalifika magari saba tu, na mara zote mbili walishinda watu walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania alishinda mara mbili mfululizo, naye kwa Peugeot 404. Gari hilo ni saluni ya baba wa nyumba, na dada yake, 404 Familiale, alikuwa na safu tatu za viti.

Mwaka 1965 ni wa Joginder Singh. Yeye na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544 la mkononi, gari lililobaki Afrika Mashariki baada ya timu ya kiwanda kushindwa mwaka uliotangulia. Walilijenga upya kwa mikono yao, wakaanza wa kwanza barabarani na kumaliza wa kwanza, wakiwaacha wenye magari mapya ya viwanda. Joginder alishinda tena 1974 na 1976. Kwangu hilo ndilo gari la mkononi lenye heshima kuliko yote yaliyowahi kupita ukanda huu, na siri yake inafaa yadi yoyote ya leo: aliyelinunua alikuwa fundi, alijua kila bolti.

Subaru nao wana lao. Januari 1989, huko Arizona, Legacy la turbo la milango minne lilikimbia kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa, mchana na usiku, kwa siku 19 hivi, likisimama kwa mafuta, madereva na matengenezo tu. Umbali huo ni kuizunguka dunia mara mbili na nusu. Mwaka uliofuata Legacy likawa gari la kwanza la kundi la magari yasiyobadilishwa sana kumaliza Safari Rally. Ukoo wa Exiga unatoka humo.

Rekodi ya huzuni

Kuna rekodi moja ambayo familia yoyote inapaswa kuifahamu. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilisababisha urejeshaji mkubwa kuliko wote katika historia ya magari: Marekani peke yake mifuko milioni 67. Kemikali ya kuipuliza huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, kisha mfuko unapofunguka chombo chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa yule uliyepaswa kumwokoa. Toyota, Nissan, Honda, Subaru, BMW, Mercedes-Benz, hata Ferrari, wote waliguswa. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Mbamba Bay na Liuli. Gari lililouzwa nje ya Japani kabla halijabadilishiwa mfuko huja nao hadi kwetu. Chukua namba ya chesesi, iingize katika tovuti ya mtengenezaji, upate jibu kabla ya kulipa. Na mtoto mchanga anayetazama nyuma asikae kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, hata kwa safari ya kwenda gengeni.

Tumbo, karatasi na tairi

Ziwa Nyasa lina rekodi zake: la tatu kwa ukubwa Afrika, la pili kwa kina baada ya Tanganyika, na hakuna ziwa duniani lenye aina nyingi za samaki kulizidi. Ni la kuonwa na watoto, na sehemu zake nzuri haziko kwenye lami. Ukishika njia ya Liuli kwenda kuwaonyesha jiwe la Pomonda, mahali ambapo Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliivamia meli ya Wajerumani katika moja ya mapigano ya kwanza kabisa ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza, unahitaji nafasi chini ya gari.

Hapo Porsche Cayenne ya kwanza, ya 2002, inajitetea. Zile zenye springi za upepo huinuka hadi milimita 273 kutoka ardhini, na Range Rover Sport ya 2013 inakatiza maji ya milimita 850. Cayenne ina viti vitano tu, ila ni vitano vya kweli. Kwa V8 zake za mwanzo, muulize fundi kuhusu mabomba ya plastiki ya maji ya kupozea chini ya mfumo wa injini wa kuvutia hewa: yakipasuka kwenye mlima wa kurudi Mbinga, injini inachemka. Kama yamebadilishwa ya aluminiamu, muuzaji atakuwa na risiti. Springi za upepo nazo zipimwe: zima gari jioni, angalia asubuhi kama kona moja imelala.

Gari la Japani lije na karatasi yake ya mnada. Alama ya 4 au 4.5 inatuliza moyo, na herufi R maana yake liligongwa likatengenezwa. Kodi ya uchakavu huanza gari likitimiza miaka 8 na kupanda tena likivuka 10, hivyo pitia kikokotoo cha TRA kwa modeli na mwaka wenyewe kabla ya kutuma fedha. Watu wengi huona bei ya Yokohama na kusahau kwamba bandarini kuna bei nyingine inayolingana nayo, wakati mwingine inayoizidi.

Kwa nyumba ya watu saba ningechukua Exiga. Kwa watano, Cayenne ya V6, maana ile V8 inakunywa sana. Wanne wanaotaka utulivu na nguvu za farasi 315 watazame Toyota Crown Athlete ya lita 3.5, ambayo spea zake hazikupeleki mbali. Lolote utakalochagua, soma namba zilizo ubavuni mwa tairi. Cayenne nyingine zinavaa 295/35 R21: mpira kati ya rimu na mashimo ni sentimita 10 tu, na nyingi huja bila tairi ya akiba ya kweli. Ulizia saizi hiyo Songea kwanza. Kama haipo, mwambie muuzaji akufungie rimu za inchi 18 zenye tairi nene, na gharama hiyo aikate kwenye bei.