Kuomba Habari za Hewa kwa Viongozi wa Mji: Haki ya Wakimbizi wa Ndani pia

Katika mikutano na kamati za wakimbizi wa ndani kati ya Goma na Sake, swali moja hurudi mara kwa mara: je, hewa ya hapa tunapolala ni salama? Nyuma yake kuna swali la pili ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: ni nani anayetutilia sumu? Tunaeleza hapa namna ya kulipeleka swali la kwanza kwenye ofisi inayohusika, kabla lile la pili halijazaa ugomvi.

Sumu inayotajwa mara nyingi ni mazuku. Wenyeji wa kando ya Ziwa Kivu wameita hivyo tangu zamani ule upepo mbaya unaotoka ardhini. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kupitia nyufa za ardhi ya volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama mashimoni, kwenye mabonde madogo, katikati ya mawe ya lava, na hata ndani ya shimo la choo au msingi wa nyumba uliochimbwa jana. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, hubaki palepale. Mtu mzima aliyesimama anapumua vizuri, na mtoto aliyelala kwenye mkeka miguuni pake anakosa hewa. Kuku, mbwa na mbuzi hutangulia kufa.

Mwenyeji anajua toka utoto shimo gani halikaribiwi asubuhi. Familia iliyofika usiku ikikimbia risasi haijui, na kiwanja inachopewa mara nyingi ni kile ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Mtoto akikutwa amekufa bila jeraha na bila homa, mgeni anamshuku mwenyeji, na mwenyeji anasema wageni wamekuja na uchawi wao. Karatasi yenye orodha ya mahali pa mazuku, iliyotoka ofisini na kusomwa mbele ya pande zote mbili, inawafanya watu watazame ardhi badala ya kutazamana. Ndiyo sababu sisi, shirika la amani, tunaandika juu ya hewa.

Kuna pia moshi wa Nyiragongo wenye salfa na vumbi la barabarani, nayo yanastahili kuulizwa. Lakini moshi wa mbabula ya makala ndani ya hema lililofungwa hauhitaji barua kwa meya. Toeni mbabula nje kabla ya kulala, maana makala nayo hutoa gesi isiyo na harufu inayoua.

Je, mkimbizi wa ndani ana haki ya kuuliza? Anayo. Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Cha 27 ndicho tunachokipenda zaidi: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kuandikia serikali ombi, nayo inapaswa kujibu katika miezi mitatu, wala hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kuandika ombi hilo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira nayo inatambua haki ya raia kupata habari za mazingira. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hizo ni za mwenye kiwanja tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema waziwazi kwamba aliyehamishwa na vita ana haki sawa na raia wengine wa nchi yake.

Barua ianzie karibu. Mwoneni kwanza shefu wa kartie au wa kijiji, kwa sababu akirukwa atajiona amedharauliwa, na siku ya jibu mtamhitaji. Kisha barua iende komini au cheferi, na nakala kwa meya au msimamizi wa teritwari, kwa idara ya mazingira, na kwa OVG, yaani kituo cha Goma kinachochunguza volkano, ambacho ndicho chenye ujuzi wa mazuku. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na walioketi katika ofisi za mji si wale wa mwaka 2024. Mwandikieni mwenye cheo, msitaje jina lake wala mambo ya siasa. Mahali ambapo mkutano wa watu wengi unatia mashaka, msikusanye sahihi mia mbili. Sahihi tano zinatosha: wawili wa wakimbizi, wawili wa wenyeji, na mama mmoja anayeaminiwa na wote.

Ombi lisiwe la jumla. "Tunaomba habari juu ya hewa" ni maneno yatakayolala mezani. Ulizeni ni mahali gani katika kartie yetu pamepimwa na kukutwa na mazuku. Nani alipima, tarehe gani, na kiasi gani kilionekana. Kama kuna ramani, tunaweza kuiona wapi. Nani anaweka alama za hatari, na ikiondolewa tumjulishe nani. Volkano iko kwenye rangi gani ya tahadhari leo, kati ya kijani, manjano, rangi ya chungwa na nyekundu. Kifaransa ndicho kinachopita haraka ofisini, lakini Kiswahili ni lugha ya taifa kwa mujibu wa Katiba. Tunashauri muandike zote mbili, na ile ya Kiswahili isomwe kwa sauti kabla ya mtu kutia sahihi.

Pelekeni nakala mbili, na moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri, ile miezi mitatu haina mwanzo. Mkiombwa pesa ya kupokea barua, ombeni risiti kwa upole. Mara nyingi neno hilo linatosha.

Jibu linaweza kuwa: hatuna vipimo. Msikasirike, bali muombe liandikwe. Kabla Nyiragongo haijalipuka tarehe 22 Mei 2021, OVG ilikaa miezi kadhaa bila intaneti kwa kukosa fedha, na habari za mitambo hazikuwa zinafika kama inavyopaswa. Baada ya mlipuko, kuna waliokufa kwa gesi wakijaribu kuvuka lava iliyokuwa bado inapoa. Barua yenye muhuri inayokiri kwamba hakuna vipimo ni kitu ambacho kamati inaweza kuwaonyesha wafadhili na watu wa afya. Malalamiko ya mdomo hayafiki huko.

Wakiwapa namba, zisomeni hivi. Hewa ya kawaida ina kaboni dioksidi karibu 0.04 kwa mia. Ikifika 4 kwa mia, maisha yako hatarini. Ikizidi 10, mtu huzimia kwa dakika chache.

Kambi za Bulengo na nyingine kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, familia nyingi zilirudi vijijini, nyingine zikaingia kwa wenyeji. Kwa hiyo kila kartie inayopokea familia mpya inahitaji orodha hiyo kabla ya kugawa viwanja, na kamati ipite na shefu mchana kuweka alama. Wakati jibu linasubiriwa, watoto walale juu ya kitanda, hata kama ni cha miti tu, mbali na mabonde. Na mtu akianguka shimoni, asishuke mwingine kumwokoa; wengi wamekufa wakimfuata wa kwanza. Avutwe kwa kamba kutoka juu, na aitwe shefu pamoja na watu wa Msalaba Mwekundu.