Sura ya 7: Kalenda Moja kwa Timu Nzima

Timu nyingi huanza kuchagua kalenda ya pamoja kwa kuulizana ni programu ipi iliyo nzuri. Swali hilo halina jibu mpaka kazi yenyewe iwekwe mezani. Kalenda inayomfaa wakili mwenye kesi kumi mahakamani haimfai msimamizi wa ujenzi, na ile inayoitosha ofisi ya watu mia inaweza kuichosha kamati ya watu watano. Katika sura hii tutafuata mradi mmoja wa mfano: ujenzi wa madarasa mawili ya shule ya msingi mkoani Morogoro. Wahusika ni mratibu, mhandisi, fundi mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule na mfadhili aliyeko London. Msimamo wangu ni kwamba kalenda huchaguliwa kwa kumwangalia yule ambaye ni vigumu zaidi kumfikia. Mpenda teknolojia ataizoea yoyote mtakayochagua.

Miadi na hatua za kazi

Mradi una tarehe za aina mbili. Kuna miadi, kama vile kikao cha kamati, ziara ya mkaguzi au siku ya kulipa vibarua. Halafu kuna hatua za kazi, ambazo zimeshikana. Lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, haimwagwi kabla ukuta haujafika kimo chake, wala paa haliezekwi kabla ya lenta. Tuseme lenta ilipangwa Februari 5, saruji ikachelewa wiki mbili. Zege nalo linataka muda wa kukomaa. Kuezeka kulikopangwa kumalizika kabla ya mvua sasa kunaangukia Machi, masika yanapoanza.

Google Calendar, iliyozinduliwa mwaka 2006, na kalenda ya Outlook zimeundwa kwa ajili ya miadi. Ukisogeza tukio la lenta, tukio la kuezeka linabaki pale pale, kwa sababu kalenda haijui kwamba hili linasubiri lile. Kazi hiyo hufanywa na chati ya Gantt, ambayo huchora kila hatua kama mstari na kuonyesha ipi inaitangulia ipi. Chati hiyo ina jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyeieneza miaka ya 1910, ingawa Karol Adamiecki wa Poland alikuwa amebuni ya aina hiyo mwaka 1896. Leo unaweza kuichora kwa Microsoft Project, ambayo hulipiwa, au kwa GanttProject, ambayo ni ya bure.

Kwa timu ndogo, chati ishikwe na mhandisi. Kalenda ya pamoja ibebe tarehe zile tu zinazomtaka mtu mwingine afanye jambo: siku ya kupokea saruji, siku ya kumwaga lenta, siku ya ukaguzi. Ukijaza humo kila kitu, baada ya wiki chache hakuna atakayeifungua.

Nani aandike, nani asome

Google Calendar inakuwezesha kumpa kila mtu ruhusa yake: kuona tu kama una nafasi au huna, kuona maelezo yote, kubadilisha matukio, au kubadilisha na kuwaongeza wengine. Tumia ngazi hizi. Katika timu ya watu watano, waandishi wawili wanatosha, mratibu na mhandisi. Wengine wasome, na wakitaka badiliko waseme.

Sasa mfikirie fundi mkuu. Simu janja anayo, lakini bando lake halimalizi wiki. Barua pepe alifunguliwa na kijana wa duka la simu, na nywila hajui iko wapi. Mwaliko unaotumwa kwa barua pepe hautamfikia. WhatsApp anaifungua kila siku. Kwa mtu kama huyu, programu kama Teamup ina faida, kwa kuwa unaweza kumtumia kiungo akaifungua kalenda bila kuwa na akaunti.

Kiungo hicho hufunguliwa na yeyote aliye nacho, kwa hiyo usiandike humo namba za simu za wazazi wala malipo ya vibarua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Taarifa za watu si mali ya kamati.

Suala la umiliki nalo lisiachwe nyuma. Kalenda iliyofunguliwa kwa akaunti binafsi ya mfanyakazi inaweza kuondoka naye siku mkataba wake unapoisha. Fungua akaunti ya mradi, na watu wawili wawe na nywila yake.

Saa ya nani?

Programu za kalenda huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi tunazihesabu kuanzia alfajiri na jioni. Mratibu akisema kikao ni saa nane, na mwandishi akaingiza 8:00, simu zitawaita watu saa mbili asubuhi. Dawa yake ni rahisi: kwenye jina la tukio andika "Kikao cha kamati, saa nane mchana", na kwenye sehemu ya saa weka 14:00.

Afrika Mashariki haibadilishi saa. Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mfadhili akiweka kikao cha kila wiki saa 14:00 za London, Morogoro kitakuwa saa kumi jioni wakati wa kiangazi cha kwao, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Kalenda haikukosea. Inafuata ukanda wa saa uliowekwa kwenye tukio. Kwa kuwa wengi wako Morogoro, tukio liundwe kwa saa za Afrika Mashariki, na aliye London ndiye ajirekebishe.

Sikukuu zinazojazwa na programu zenyewe pia zihakikiwe. Idi hutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo usipange kumwaga zege siku inayotangulia wala inayofuata tarehe iliyoandikwa.

Uwezo wa kuhama

Mwaka 1998 ulichapishwa muundo wa pamoja uitwao iCalendar, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2009. Faili zake huishia na .ics, na kwa njia hiyo Google Calendar, Outlook, kalenda ya Apple na Thunderbird husomana. Programu isiyoweza kutoa faili hiyo itawafunga, na siku bei yake ikipanda mtaanza upya kuandika tarehe moja moja.

Fahamu pia tofauti hii. Ukiingiza faili ya .ics, unapata nakala ya siku hiyo tu. Ukijiunga kwa kiungo, mabadiliko yanakufuata, lakini yanaweza kuchukua saa nyingi kufika. Kwa badiliko la kesho asubuhi, piga simu.

Kabla ya kuamua

Weka matukio matatu, badilisha moja, futa moja, kisha toa faili ya .ics. Mwombe fundi mkuu aifungue kalenda kwenye simu yake, akiwa pale pale kwenye eneo la ujenzi. Asipoyaona mabadiliko, tafuta programu nyingine, hata kama hiyo inasifiwa na kila mtu. Akiyaona, kubalianeni juu ya kanuni moja: badiliko lolote lililoafikiwa kwenye WhatsApp au kwa simu liandikwe na mratibu siku hiyo hiyo, na kukitokea tofauti, kinachofuatwa ni kalenda. Bila kanuni hiyo, hakuna programu itakayowasaidia.